Tunapomwita mtu roboti

Kumwita mtu roboti ni kumlaumu asiyestahili. Nimelisema hili mara nyingi, na nitaendelea kulisema maadamu bado nasikia mfanyakazi akiitwa “roboti” kana kwamba ni kasoro aliyozaliwa nayo.

Neno hili lilianza na watu, halikuanza na vyuma. Mwaka 1920 mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alichapisha tamthilia ya R.U.R. Alikuwa akitafuta jina la watumishi wanaotengenezwa kiwandani, na kaka yake Josef ndiye aliyempa hilo, kutokana na robota: kazi ya shuruti ambayo mkulima alimfanyia mwenye ardhi, apende asipende. Katika milki ya Austria shuruti hiyo ilifutwa mwaka 1848. Na maroboti wa Čapek hawana bati wala skrubu! Wana ngozi na nyama, ukiwatazama utadhani ni watu. Wamenyimwa hisia kwa makusudi ili kazi itoke kwa gharama ndogo.

Wamenyimwa, nasema. Maana yake yupo aliyewanyima.

Najua mtanijibu kwamba maana za maneno hubadilika, asili yake si hoja. Sawa, hubadilika. Basi tuache asili, tutazame matumizi ya leo. Mhudumu wa simu anajibu kwa sentensi zilezile, tunasema anaongea kama roboti. Ni nani aliyemwandikia sentensi hizo? Ni nani anayemsikiliza kwa siri na kumpunguzia alama akichepuka neno moja? Lawama inampata anayesoma, aliyeandika hata hatajwi. Hilo ndilo linaloniudhi, na sitalizoea.

Tena tunazo kauli mbili, tusizichanganye. “Anapiga kazi kama mashine” ni sifa: hachoki. “Kama roboti” ni lawama: hafikiri, hana hisia. Ila hata ile sifa naiogopa, kwa sababu anayesifiwa kwa kutochoka hakuna anayekumbuka kumpa mapumziko.

Haraka haraka, lingine. Ugonjwa wa Parkinson unaweza kukaza misuli ya uso na kuifanya sauti iwe ya mdundo mmoja. Baadhi ya watu wenye usonji (autism), hali ya kuzaliwa nayo inayogusa namna mtu anavyowasiliana, nao huzungumza hivyo. Ndani yao hisia zimejaa tele. Kuwaita roboti ni kuwaumiza bure, tuache.

La kompyuta zinazojibu kama watu nilitaka kuligusa, muda hautoshi. Leteni maswali.