Kiatu haipatikani, viatu vimejaa stoo

DADA: Haya karibuni tena, leo ni sachi, yaani kutafuta bidhaa, kwenye duka la mtandaoni, na kaka hapa toka juzi ana jambo linamkera.

KAKA: Linaniuma kweli dada. Nilikuwa Kariakoo kwa mama mmoja anauza viatu, Mtaa wa Kongo, ana duka lake online, ananipa simu anaandika "kiatu" inatoka hakuna bidhaa, wakati stoo viatu vimejaa hadi mlangoni! Wateja wanaingia na bando lao, wanaona patupu wanaondoka, na yeye matangazo analipia kila siku.

DADA: Bidhaa ameziandika viatu?

KAKA: Zote, viatu vya shule, viatu vya kike. Sasa duka linatumia Elasticsearch, programu ya kusachi, ile iliyojengwa juu ya programu nyingine inaitwa Lucene, na ukiiacha ilivyo kiatu na viatu kwake ni maneno mawili tofauti. Kiingereza kina vikata maneno, vinakata mwisho basi umoja na wingi vinakutana. Sisi wingi wetu uko mbele, ki inageuka vi, sasa ukikata mkia umekata nini?

DADA: Si kuna setingi ya kusamehe herufi? Ukiiweka AUTO, neno la herufi 3 mpaka 5 linasamehewa kosa 1, kuanzia 6 makosa 2. Kiatu na viatu ni herufi moja tu hapo.

KAKA: Ndo hapo sasa! Fundi aliiwasha, ila ili sachi iwe nyepesi akaweka prefix_length 1, yaani herufi ya kwanza isiguswe, wakati yenyewe huwa 0. Seva inapumua kweli maana haipekui maneno mengi, lakini kwa Kiswahili umefunga mlango ule ule tunaoingilia.

DADA: Mi hata ikirudi 0 siitegemei. Andika "magauni", herufi 7, unasamehewa 2 unaipata gauni. Andika "gauni", herufi 5, unasamehewa 1, magauni huyapati ng'o. Halafu mtu anatafuta taa analetewa tai za shingoni.

KAKA: Ndo maana tukatengeneza faili la visawe. Kiatu na viatu, gauni na magauni, friji na jokofu, TV na runinga. Na tumeliweka lifanye kazi mteja anaposachi, siyo wakati wa kuindeksi, yaani kupanga bidhaa kwenye orodha ya kusachia, kwa hiyo ukiongeza neno huindeksi upya duka zima. Kusamehe herufi kunaamka pale tu matokeo yakiwa sifuri.

DADA: Na uzito wa jina je? Maana niliona soksi zinakaa juu ya viatu.

KAKA: Kwa sababu maelezo ya soksi yanasema zinaendana na viatu vyote, na ni mafupi, na BM25, ile hesabu ya kupanga kipi kikae juu, inapendelea maandishi mafupi. Tukalipa jina la bidhaa uzito wa 3, maelezo 1, soksi zikashuka. Saizi, rangi na ipo au imeisha tukaziweka filta, hazipigiwi alama na zinaweza kukaa kwenye kashe, yaani majibu yanahifadhiwa yasitafutwe upya, hapo spidi uliiona mwenyewe.

DADA: Niliiona, na kwenye simu ya bei rahisi kabisa.

KAKA: Ile ya indeksi kujisasisha kila sekunde 1 tukaipeleka 30, usiku akipakia mzigo mpya tunaizima kabisa mpaka amalize, tunairudisha.

DADA: Ila hilo faili la visawe nani analilisha? Fundi hajui watu wanaongeaje dukani.

KAKA: Mama mwenyewe. Kila jioni anasoma orodha ya sachi zilizotoka sifuri na meseji za WhatsApp, ananitumia. Jana watu walikuwa wanaandika "yeboyebo", yeye dukani kaandika sendo za plastiki. Nimeiongeza leo asubuhi kabla sijaja huku.