"Wewe Tena?": Kuhusu Anayedhuriwa kwa Mara ya Pili

Mhadhara uliotolewa mbele ya maofisa wa madawati ya jinsia na watoto, wauguzi, walimu na maofisa ustawi wa jamii

Ndugu Mwenyekiti, ndugu washiriki, wengi wenu mmenisikia nikilisema jambo hili mahali pengine, nami ninalirudia kwa sababu bado linatokea. Sitaeleza maana ya ukatili wa kingono wala taratibu za PF3, ile fomu ya polisi anayopewa aliyeumizwa ili atibiwe, maana hizo mnazijua kuliko mimi. Nimekuja kuzungumzia maneno mawili tu: "Wewe tena?"

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza kituoni binti wa miaka 19 aliyekuwa akifanya kazi za ndani. Shangazi yake alikaa upande mmoja, mimi upande mwingine. Askari aliyetupokea hakuwa mtu mkali. Alitupa viti, akaagiza maji ya kunywa, akafungua daftari. Kisha akalitambua jina, kwa kuwa miaka miwili nyuma yeye mwenyewe ndiye aliyeandika malalamiko ya binti huyohuyo dhidi ya mtu mwingine, katika nyumba nyingine. Akainua macho, akasema, "Wewe tena?" Nina hakika hakukusudia kumuumiza, alishangaa tu. Lakini nilimwona binti akikunja ncha ya khanga yake na kuikunjua, na kuanzia hapo kila alichoulizwa alijibu "sijui". Maelezo yake hayakuzidi mistari minne. Tulipotoka nje, shangazi yake, ambaye alimpenda kwa dhati, alimwuliza swali lilelile kwa maneno mengine: "Mwanangu, mbona ni wewe tu?" Ilinichukua miezi ya kuketi naye kabla hajaniambia kwamba hata lile la miaka miwili nyuma halikuwa la kwanza. La kwanza alitendewa akiwa na miaka 11, na mpangaji wa nyumbani kwao, na hakumwambia mtu.

Nikifika hapa huwa naletewa methali. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi huyu, aliyekwisha kuumwa, mbona hakujihadhari? Methali ni ya kweli, lakini isikilizeni vizuri. Haisemi kwamba aliyeumwa humtambua nyoka upesi kuliko wengine; inasema hushtushwa na unyasi. Mtu anayeishi na kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha, hushtushwa na mlango unaofungwa, na harufu ya manukato, na mwanamume aliyesimama nyuma yake kwenye foleni ya daladala. Mwili wake unapiga kengele mchana kutwa, na kengele inayolia kila saa haimwambii tena mwenyewe ni lini hatari imekuja kweli. Ili aweze kupika, kufua na kulala, hujifunza kutoisikiliza. Wengine hufika mahali wakafa ganzi kabisa, wakawa kama wanaoutazama mwili wao kutoka mbali. Ganzi hiyo ilimwokoa mtoto wa miaka 11 ambaye hakuwa na pa kukimbilia, na ndiyo hiyo inayomrudia akiwa na miaka 19, bila kuitwa.

Mtaniuliza: kwa nini basi hakupiga kelele? Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa Stockholm, Sweden, katika kliniki inayopokea wanawake waliobakwa. Kati ya wanawake 298, takriban saba katika kila kumi walieleza kwamba wakati wa tukio mwili uliganda kwa kiasi kikubwa, wasiweze kusogea wala kutoa sauti. Waliokuwa na historia ya kiwewe cha zamani ndio walioelekea zaidi kuganda, na walioganda walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kukutwa na msongo wa baada ya kiwewe miezi sita baadaye. Naomba mlitafakari hilo kabla ya kuandika "hakukuwa na dalili za purukushani" kana kwamba mmeandika kwamba aliridhia.

Tena nisieleweke vibaya. Ninapoeleza yanayotokea ndani ya mwili wake, sisemi kwamba chanzo kiko kwake. Chanzo ni mtu aliyemtendea, na mtu huyo huchagua. Humchagua binti aliye mbali na kwao, anayelala jikoni, ambaye mshahara wake uko mikononi mwa mwenye nyumba, na ambaye habari zimeenea kwamba "alishawahi kusema mambo kama hayo". Kila mara tunapomrudisha manusura nyumbani bila msaada, na jina lake likabaki midomoni mwa watu, tunamrahisishia kazi mhalifu anayefuata.

Kuhusu ukubwa wa tatizo nitakwenda haraka. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walikumbwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Aliyeanza kudhuriwa utotoni yuko katika hatari kubwa zaidi ya kudhuriwa tena ukubwani, na aliyedhuriwa zaidi ya mara moja yuko katika hatari kubwa zaidi ya kiwewe kisichoisha kuliko aliyedhuriwa mara moja. Shirika la Afya Duniani sasa linakitambua kiwewe changamani, ambacho mara nyingi hutokana na kudhuriwa tena na tena, kuwa ugonjwa kamili, ambapo, zaidi ya ndoto mbaya na kushtuka, mtu hujiona hana thamani na hushindwa kumwamini yeyote. Kwa hiyo manusura asiyekuamini anakuonyesha dalili. Usimwandike kuwa mkaidi.

Naambiwa kila mara kwamba hatuna wataalamu wa kutosha. Ni kweli, lakini tazameni Kongo mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulihusu wanawake wa vijijini walionusurika ukatili wa kingono, wengi wao wasiojua kusoma, ambao walitibiwa katika vikundi na wasaidizi Wakongo wasio madaktari, waliofunzwa na kusimamiwa vizuri. Miezi sita baada ya matibabu, waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa 9 katika kila 100, ilhali miongoni mwa waliopata usaidizi wa kawaida walikuwa 42. Kwa dalili za kiwewe matokeo yalielekea hukohuko. Vijiji hivyo vilikuwa na umaskini kuliko wetu, na vita juu yake.

Nilikuwa nimeandaa sehemu nzima kuhusu wavulana, ambao hunyamaza kuliko wasichana. Mwenyekiti ananionyesha saa, hivyo nitaomba nafasi nyingine kwa ajili yao. Leo naomba jambo moja. Katika Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako manusura hupata matibabu, polisi na ushauri mahali pamoja, tunahimiza, na ni sawa kabisa, kwamba aliyebakwa afike ndani ya saa 72 apate dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi. Dawa hizo humezwa siku 28. Kwa siku zote hizo tuna sababu ya kumwita arudi, na anaporudi tunamhesabia vidonge. Siku hiyohiyo tumwulize pia kama analala usiku, na anakolala ni wapi, na kama yule mtu bado anaingia katika nyumba hiyo.