Kifaranga amezubaa, unaanza na nini?

Haya asanteni, mama zangu wa mbele naomba msogeze viti kidogo ili wale walioko kule chini ya mkorosho nao waone, maana leo sijaja na maneno matupu, nimekuja na huyu hapa kwenye boksi. Ana siku 4. Jana jioni nimemkuta kasimama peke yake pembeni ya bruda, pale penye joto tunapolelea vifaranga, mbawa zimeshuka, macho anafumba, wenzake wanamkanyaga, na mnajua wengi wetu tukiona vile tunafanya nini? Tunasema huyu kashakufa, au tunakimbia duka la dawa za mifugo, nipe ya kuhara, nipe ya mafua, unapewa unga unakoroga kwenye maji unawanywesha wote hamsini. Mimi nimefanya hivyo miaka na nimefukia vifaranga wengi. Kwahiyo leo naomba kitu kimoja tu, kabla hujafikiria dawa, mchukue mkononi umguse miguu.

Miguu ikiwa ya baridi basi anza na kuiondoa hiyo baridi, hata kama kuna ugonjwa nyuma yake. Kuku mkubwa mwili wake una joto kama digrii 41, anatuzidi sisi, lakini kifaranga ana vile vinyoya vya pamba tu, hawezi kujitunzia joto mpaka aanze kuota manyoya yenyewe, huko wiki ya 3 na kuendelea. Akipoa tumbo linagoma, chakula hakisagiki, na ukimlazimisha kula akiwa wa baridi ndo unammaliza. Joto, alafu maji, alafu chakula, na dawa iko nyuma kabisa ya hivyo vitatu.

Bruda wiki ya kwanza inataka digrii 32 mpaka 35, upime pale chini usawa wa mgongo wa kifaranga sio juu karibu na taa, alafu unapunguza kama digrii 3 kila wiki. Sasa hapa kwetu Mtwara kuna mtego. Mwezi wa 12 mchana, chumba cha bati, ukiwasha taa unawapika, utawaona wamejibanza ukutani midomo wazi wanahema. Mwezi wa 7 kusi inavuma usiku, taa ile ile haitoshi, wanarundikana na walioko chini wanakosa hewa. Mimi nawaangalia wenyewe kuliko kipimajoto. Wakilala wametawanyika, kila mmoja kajinyoosha anavyotaka, na kelele zao ni zile za chini chini, hapo joto lipo sawa. Kelele kali zisizokatika ujue kuna shida.

Na umeme ukikatika? Hapa naomba mnisikilize vizuri jamani. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikaingiza jiko la mkaa, nikaona upepo unapita chini ya mlango nikaziba na mkeka, nikaziba na dirisha kwa khanga, nikaenda kulala nikijua nimewatendea wema. Asubuhi vifaranga 38 wamelala kimya, hakuna jeraha, hakuna kuhara. Mkaa hata ukikolea ukaacha moshi unatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inakaa kwenye damu mahali pa hewa, na inaua mtu pia. Watoto wangu walikuwa chumba cha pili. Sijawahi kuusahau usiku ule. Tangu hapo jiko langu linabaki nje linachemsha maji, maji naweka kwenye chupa za plastiki za lita moja na nusu, nazifunga na kipande cha khanga ili zisiwaunguze, naziweka ndani ya boksi upande mmoja tu, upande wa pili unabaki wa baridi ili mwenye joto ajisogeze mwenyewe. Zikipoa nabadilisha. Ni kazi, unaamka mara 3 usiku, lakini asubuhi unawakuta.

Huyu jana nimemfanyia hivyo hivyo, kwenye boksi lake, na mwenzake mmoja mzima mpole nikamweka upande wa pili wa wavu ili wasikilizane, maana kifaranga akiwa peke yake analia mpaka nguvu zinamuishia. Akapata joto kama nusu saa, ndo nikaja na maji. Sukari kijiko kimoja cha chakula kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, glukosi ukiwa nayo sawa tu. Msimmiminie mdomoni! Njia ya hewa ya kifaranga iko pale pale kwenye shina la ulimi, maji yakiingia yanaenda kwenye mapafu. Chovya kidole, weka tone pembeni ya mdomo, subiri alivute mwenyewe, weka lingine. Ya sukari ni saa chache tu za kumnyanyua, alafu rudi maji ya kawaida.

Na nyie mnaoagiza vifaranga kutoka Dar, vinakuja na basi usiku kucha vinafika vizima kwasababu kifaranga kabla ya kutoka kwenye yai anakivuta kiini ndani ya tumbo, kinamshikilia siku 2 mpaka 3. Chakula anacho. Maji ndo yanamuishia, kwahiyo wakifika kila mmoja mchovye mdomo kwenye maji, chakula kije baadae kidogo.

Sasa namgeuza, njooni muone nyuma. Hiki kinyesi kimeganda kimeziba tundu la haja, akiachwa hivi hawezi kutoa uchafu na anakufa. Kinachosababisha mara nyingi ni safari, baridi au joto kuzidi. Wengine wanabandua na kucha, hapana, unang'oa na ngozi. Pamba, maji ya uvuguvugu, unashikilia hapo inalainika taratibu... inatoka yenyewe, mnaona. Kausha vizuri maana akilowa anapoa tena, paka mafuta ya nazi kidogo sana. Angalia kila siku mara 2. Na msichanganye na kitovu, kitovu kiko mbele zaidi huku tumboni, ukiona kigaga cheusi hapa usikivute hata kidogo. Kitovu kikiwa kibichi, tumbo limejaa na linanuka, hayo ni maambukizi ya tangu kutotolewa, wengi hawaponi, nawaambia ukweli.

Miguu iliyopanuka pembeni inatokana sana na kutandika gazeti, linateleza. Tandika maranda au pumba za mpunga, miguu ifunge pamoja kwa plasta laini ukiacha nafasi ya kutembea, siku chache inarudi.

Wakifika wiki ya 3 ukaona kuhara damu, hapo ndo dawa ina kazi yake. Hiyo ni koksidiosisi, vijidudu vyake vinapevuka kwenye matandiko yenye unyevu na joto, na unyevu wa pwani hii mnaujua, kwahiyo pale chini ya chombo cha maji toa yaliyolowa kila siku. Dawa yake wengi wanatumia amproliamu, fuata kipimo cha kwenye pakiti, na msichanganye na vitamini siku hizo hizo. Ile dawa inafanya kazi kwa kujifananisha na vitamini B1 ili kijidudu kikose chakula chake, sasa wewe ukimwaga B1 humo humo unakilisha kile unachotaka kukiua.

Mdondo, yaani kideri, hauna dawa, ni kirusi, ni chanjo tu. Ile ya tone la jicho, I-2, rudia kila miezi 3, muulizeni bwana mifugo wa kata. Na mkimaliza kumshika kifaranga anayeumwa nawa na sabuni, watoto wasimbusu, boksi lisikae jikoni.

Bibi pale nyuma ameuliza, na nimemsikia, je kama umefanya yote na hanyanyuki? Bibi, mimi nampa mpaka kesho yake. Akiwa kapata joto, kapewa maji, na bado shingo imelala hamezi hata tone, simtesi tena, namuomba mume wangu amalize haraka, alafu namfukia mbali na banda. Inauma kila mara.

Huyu lakini jana saa 4 usiku nimempapasa gole, hapa chini ya shingo, nikakuta kuna punje laini zimejaa kidogo. Alikuwa amekula mwenyewe gizani, mimi sijui hata saa ngapi. Haya, naomba yule mama mwenye ndoo aniletee maji mengine ya moto, hii chupa imeshapoa.