Kitako cha bunduki kongwe: ni chake au kimepachikwa?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Mada ya leo ni finyu, na nitabaki nayo: bunduki ya marisau ya mitutu miwili, ya Uingereza au ya Marekani, iliyotengenezwa kati ya miaka ya 1860 na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Chuma chake kinajieleza. Kina namba, kina jina la mtengenezaji, na kama ni ya Uingereza kina alama za majaribio ya usalama za London au Birmingham. Mbao ya kitako, ile inayoegemezwa begani, haina cheti cha namna hiyo, ilhali bei ya bunduki nzima huweza kupanda au kuporomoka kwa sababu ya mbao.

Tuanze na sababu za vitako kubadilishwa, maana ukizijua unajua pa kutazama. Sehemu dhaifu ni shingo, pale mkono unaposhika. Ni nyembamba, imechimbwa juu na chini ili kupokea ndimi za chuma, na skrubu ndefu imepenya katikati yake. Bunduki ikianguka, hapo ndipo inapokatika. Sababu ya pili ni mafuta. Mwenye bunduki hutia mafuta kwenye mitambo kila mara, kisha huisimamisha kabatini midomo ikiwa juu. Mafuta hushuka taratibu hadi kichwa cha kitako, yaani mwisho wa mbele unaokutana na chuma. Baada ya miongo kadhaa mbao pale huwa nyeusi na laini, haihimili tena mshindo wa risasi, na hupasuka nyuma ya mitambo. Sababu ya tatu ni vipimo tu: mnunuzi mpya ana mikono mirefu, au hapendi kitako kilichoinama sana, anaagiza kingine.

Kwa hiyo majibu hayawi mawili tu. Kuna kitako cha asili kisichoguswa. Kuna cha asili kilichovunjika kikatengenezwa. Kuna kilichobadilishwa na mtengenezaji yuleyule, pengine miaka 30 baada ya bunduki kuuzwa. Kuna kilichobadilishwa na fundi mwingine baadaye sana. Na kuna kilichoungwa: kichwa cha zamani, mwili mpya. Mimi nasema wazi kwamba kitako kilichobadilishwa na kiwanda chenyewe kwa mbao nzuri ni kazi ya kuheshimiwa. Kosa ni kukiuza kama cha asili.

Kabla ya lolote, fungua bunduki, hakikisha matundu yote mawili ya risasi ni matupu, kisha tenganisha mitutu, mbao ya mbele (ile inayoshikwa chini ya mitutu) na kitako kikiwa bado na mitambo yake. Sasa chukua ile mbao ya mbele, iweke kando ya kitako karibu na dirisha. Watu wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu kitako huvunjika mara nyingi kuliko mbao ya mbele. Kitako kikibadilishwa, mbao ya mbele mara nyingi hubaki ileile ya zamani, nayo ndiyo shahidi wako. Linganisha rangi, linganisha vinyweleo vya mbao, linganisha uchakavu. Usidai michirizi ifanane, maana hata siku ya kwanza mbao mbili hizo hazikutoka lazima kwenye gogo moja. Lakini mbao ya mbele iliyolainika kwa viganja vya miaka 100, ikiwa kando ya kitako chenye kona kali, inakuambia jambo.

Aina ya mti nayo ni ushahidi. Waingereza walitumia mjozi wa Ulaya: rangi ya asali au kahawia, yenye mishipa myeusi. Viwanda vya Marekani vilitumia sana mjozi mweusi wa kwao, wenye rangi nzito ya kahawia inayokaribia zambarau na vinyweleo vikubwa zaidi. Mjozi wa Ulaya waliutumia hasa kwenye daraja za juu. Bunduki ya Birmingham yenye mjozi mweusi wa Marekani inatiliwa shaka mara moja. Na ukikuta huku kwetu bunduki ya Kiingereza yenye kitako cha mninga au mvule, suala limekwisha kabla hujashika bisibisi.

Baada ya hapo, fuata mpaka wa mbao na chuma kwa kioo cha kukuzia. Bunduki ilipotoka kwa mtengenezaji, mbao iliachwa ikisimama juu ya chuma kidogo sana, kiasi cha kuhisiwa na ukucha. Kadiri miaka inavyopita, mbao huchakaa pamoja na chuma: nakshi za chuma zinafifia pembeni, na kingo za mbao jirani zinaviringika. Viwili hivyo lazima vikubaliane. Mbao ikisimama juu na kingo zake ni kali huku nakshi za bamba la mtambo, lile bamba la chuma lililo ubavuni, zimefutika nusu, mbao ni changa kuliko chuma. Kinyume chake pia kipo. Chuma kikisimama juu ya mbao pande zote, kitako huenda ni cha asili, ila mtu amekipiga msasa. Mkwaruzo wa msasa hupunguza thamani, lakini haumaanishi kimebadilishwa, na wengi huchanganya mambo hayo mawili.

Tazama pia nyufa zinazopitisha mwanga kati ya mbao na chuma. Fundi wa kwanza alipaka chuma masizi ya taa, akakigandamiza kwenye mbao, akachonga pale palipobaki doa, akarudia mpaka chuma kikakaa kikamilifu. Fundi wa pili asiye na subira huacha pengo, kisha hujaza kwa puti ya unga wa mbao na gundi. Puti haina vinyweleo. Ielekezee tochi kwa pembeni, utaona kamstari bapa kasikoendana na nyuzi zinazokazunguka.

Sasa nakshi za almasi kwenye shingo, ile mistari inayokatana ili mkono usiteleze. Hesabu mistari kwa inchi moja kwenye shingo, kisha kwenye mbao ya mbele. Bunduki nzuri za London mara nyingi zina mistari zaidi ya 20 kwa inchi. Hesabu mbili zisipolingana, au almasi za huku zikiwa ndefu na za kule fupi, mikono miwili tofauti imefanya kazi. Lakini tahadhari: nakshi huweza kuchongwa upya juu ya kitako cha asili. Dalili yake ni mistari mipya inayovuka mpaka wa zamani, au almasi zilizochongoka wakati mbao ya pembeni imelainika.

Hapohapo ndipo hufichwa maungio. Fundi hodari anayetaka kuokoa kichwa cha zamani, kilichokaa vizuri kwenye chuma, hukata kitako shingoni kwa mshazari, akaunga mwili mpya, kisha akachonga nakshi juu ya kiungo. Usikitafute kiungo kwa macho ya juujuu, fuata nyuzi. Chagua mshipa mmoja mweusi nyuma ya mitambo, ufuate kuelekea mgongo wa kitako. Mshipa wa kweli hupita chini ya nakshi na kutokea upande wa pili ukiwa umepinda kwa upole. Mshipa unaoingia kwenye nakshi na hautoki, huku mwingine ukianza mahali pasipotarajiwa, ni kiungo.

Vipimo vinasaidia, ila havitoshi peke yake. Kitako cha Kiingereza cha mtu mzima kwa kawaida kina urefu wa karibu inchi 14½, sawa na sentimita 37, kutoka kifyatulio cha mbele hadi katikati ya mwisho wa kitako. Bunduki nyingi za Marekani za karne ya 19 ziliinama sana, inchi 3 au zaidi chini ya mstari wa mitutu kisiginoni, yaani pembe ya juu ya mwisho wa kitako. Ukikuta ya wakati huo imenyooka kama za leo, uliza kwa nini. Inaweza kuwa ilipindwa kwa mafuta ya moto, kazi ya kawaida kabisa isiyohitaji mbao mpya. Kitako kilichorefushwa huonyesha mstari ulionyooka karibu na mwisho. Chunguza pia mkia wa kinga ya kifyatulio: kwa shingo iliyonyooka, huwa mrefu na mnyoofu. Mkia uliopindwa, uliofupishwa au wenye alama ya kulehemu unasema shingo haikuwa na umbo hili.

Yote hayo ni ya nje, na ya nje huigika. Hukumu iko ndani. Si lazima uvunje bunduki nzima: kutoa bamba la mwisho wa kitako na bamba moja la mtambo hutosha mara nyingi. Bisibisi lazima ijae mfereji wa skrubu kabisa, kwa upana na kwa unene. Mifereji ya Kiingereza ni myembamba sana, na bisibisi ya dukani huitafuna. Ukishalegeza skrubu ya mtambo mizunguko michache, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi ili bamba liinuke lenyewe. Ukilichokonoa kwa ncha, utabanjua kipande cha mbao ya asili uliyokuja kuithibitisha.

Ndani tazama rangi. Mjozi una tanini, na tanini ikikutana na chuma na unyevu hutoa weusi wa samawati. Katika kitako cha asili weusi huo unafuata umbo la chuma: mviringo kuzunguka skrubu, kivuli chini ya springi, kina chake kikipungua polepole kuelekea mbao safi. Fundi anayezeesha kitako kipya hupaka rangi, nayo hulala sawasawa kila mahali, hata pasipoguswa na chuma. Kwaruza kidogo mahali pasipoonekana: rangi ya kupakwa huishia juu, weusi wa chuma umezama.

Tazama alama za zana. Patasi ya mkono huacha ngazi fupi zisizolingana. Mashine huacha miviringo iliyopangana. Kwa bunduki ya London iliyochongwa kwa mkono, miviringo ni habari mbaya. Kwa ya Marekani si lazima iwe hivyo: Mmarekani Thomas Blanchard alitengeneza mashine yake ya kuchonga vitako mwaka 1819, na viwanda vya Marekani vilizoea mashine mapema. Pamoja na hayo, viwanda kama Parker Brothers wa Meriden, Connecticut, viligonga namba ya bunduki kwenye mbao yenyewe, mahali palipofunikwa na chuma. Namba hiyo ikilingana na ya chuma, nawe ukaona tarakimu zimezama na kuzeeka pamoja na mbao, umepata ushahidi mkubwa kuliko wote. Isipokuwepo, usikimbilie kuhukumu. Mafuta na msasa vimefuta nyingi.

Chini ya bamba la mwisho hesabu matundu ya skrubu. Mawili yaliyotumika na mawili yaliyozibwa maana yake ama bamba limebadilishwa, ama kitako kimetoka kwenye bunduki nyingine. Tochi ya mwanga wa urujuanimno nayo ni rahisi na ya haraka: epoksi na vanishi nyingi za kisasa hung'aa gizani, ilhali mafuta ya zamani ya kitani hubaki yamefifia.

Baada ya hapo, andikia watunza kumbukumbu. Watengenezaji wa London, Purdey na Holland & Holland wana vitabu vya mauzo, na mara nyingine marekebisho yaliyofanyika kiwandani yameandikwa humo. Ukituma barua, taja namba kamili ya bunduki na vipimo ulivyochukua, ili walinganishe na vya oda ya kwanza.

Unaporudisha vyuma, kila skrubu irudi tundu lake. Zipange kwenye kadi wakati wa kuzitoa. Kwenye bunduki bora za Kiingereza mifereji ya skrubu zote huelekea mbele na nyuma, sambamba na mitutu. Skrubu ikipita mstari huo kabla ya kukaza, usiilazimishe: mbao iliyo chini yake imebonyea au imebadilishwa, na hilo nalo uliandike kwenye ripoti yako.