Jina la kimbunga si zawadi, wala si tusi

Naanza na lile swali maana najua litakuja tu, kila ninapoongea linakuja: eti mtu anaweza kuomba kimbunga kipewe jina la mama mkwe wake? Hapana jamani. Hakuna hurikeni iliyopewa jina la mtu fulani unayemjua, Katrina hakuwa mke wa mtaalamu yeyote, ni jina lililokuwa kwenye orodha, zamu yake ikafika. Orodha za Atlantiki ziko 6, kila moja ina majina 21, zinazunguka, ya mwaka huu utakutana nayo tena baada ya miaka 6. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa dhoruba inachukua jina linalofuata, ikifika 119 ndo tunaiita hurikeni, jina ni lilelile. Basi.

Sasa mtu atasema, kama ni orodha tu si wangeweka namba? Hapo ndo ninapogombana na watu kila siku. Jina lipo ili lisikike. Nahodha yuko baharini, redio inakwaruza, mawimbi yanampiga, wewe unamsomea digrii za latitudo na longitudo na desimali zake, na kuna dhoruba 3 kwa wakati mmoja, atajuaje unaongelea ipi? Mwambie "Laura inageukia kaskazini", ameelewa.

Mnabisha, basi twende 2020. Mwaka ule ulikuwa na dhoruba 30 zenye majina, na orodha inaishia kwenye W (Q, U, X, Y na Z hazitumiki, majina yake ni machache mno). Katikati ya Septemba Wilfred akachukua jina la mwisho, orodha ikaisha, wakahamia herufi za Kigiriki kama walivyofanya 2005. Kwenye karatasi inapendeza. Haya, sasa semeni kwa sauti, pamoja na mimi: Zeta. Eta. Theta. Mmesikia? Zeta imepiga Louisiana mwisho wa Oktoba, siku chache tu Eta ikaingia Nicaragua ikiwa daraja la 4 kati ya 5 za ukali wa hurikeni, halafu Eta haijaisha, bado inazungukazunguka baharini, Theta nayo ikazaliwa, kwa hiyo kuna siku Eta na Theta zilikuwa hai pamoja, mtangazaji akiwa na mafua kidogo tu umekwisha! Na hata wiki mbili hazijapita Iota ikapiga Nicaragua ileile, kama kilomita 25 hivi kutoka pale Eta ilipoingilia, nayo daraja la 4. Mtu ambaye paa lake limeshang'olewa na Eta unamwambia "Iota inakuja", atauliza si ndo hiyo imepita juzi?

Kichekesho chenyewe kikaja baadaye. Kimbunga kikiua na kuharibu sana jina lake linastaafishwa, Dorian wa 2019 alistaafu akawekwa Dexter. Sasa Eta unaistaafisha vipi? Unaifuta kwenye alfabeti ya Wagiriki? Machi 2021 kamati ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ikaachana na Kigiriki kabisa, Eta na Iota zikastaafu, ikatengenezwa orodha ya akiba ya majina ya kawaida ya watu. Mimi nilicheka, kwa sababu Clement Wragge wa Queensland, Australia, yule mtabiri wa karne ya 19, naye alianza na herufi za Kigiriki akaziacha zamani hizo! Akaishia kuvipa vimbunga majina ya wanasiasa aliowachukia, ili aweze kutangaza kwamba mheshimiwa fulani anatangatanga baharini bila mwelekeo. Huyo ndo aliyefanya jina liwe tusi, ila walau alisikika.

Naona saa inanitazama vibaya, kwa hiyo haya mengine haraka haraka. Majina ya wanawake yalianza rasmi Marekani 1953, wanawake wakalalamika, na walikuwa na haki, ya wanaume yakaingia Atlantiki 1979. Puerto Rico zamani kimbunga kilichukua jina la mtakatifu wa siku kilipopiga, wakawa na San Felipe 1876, halafu 1928 tarehe ileile ya 13 Septemba kikapiga kingine, wakabaki kukiita San Felipe wa pili, sasa hiyo nayo ni orodha? Bahari ya Hindi ina utaratibu wake, Freddy ya 2023 alipewa jina Australia akavuka bahari nzima mpaka Msumbiji na jina lake lilelile, hiyo ni mada ya siku nyingine, saa yangu nimeila yote na Eta.

Maswali sasa. Ila mwenye la mama mkwe akae chini.