Umeshiba, Lakini Je, Umekula?

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za asubuhi. Najua mmetoka kukimbia hadi Raskazone na kurudi, jasho bado halijakauka, kwa hiyo mnywe maji huku mnanisikiliza.

Kwanza tazameni mezani. Kushoto nimeweka matango manne makubwa. Nimeyapima alfajiri kwenye mizani ya jikoni, ni kilo moja na gramu 100. Kulia kuna ukufi mmoja wa karanga za kukaanga, gramu 30. Kalori zake zinakaribiana, kama 170 kila upande. Haya, nani anaweza kuyamaliza matango haya kwa mkao mmoja? Wengi mtakwama kwenye la pili. Karanga utazimaliza umesimama hapo mlangoni unaongea na mwenzio.

Nimeanza hivyo kwa sababu ya swali ambalo wanachama wa klabu hii, hasa akina mama, wamenifuata nalo mmoja mmoja. Wanasema: "Dada, niko kwenye dayati. Naambiwa nisile chini ya kalori kadhaa, lakini nikila kidogo tu nimeshiba. Nijilazimishe?" Wakilisema mbele za watu wanachekwa. Inaonekana kichekesho mtu anayetaka kupungua alalamike kwamba ameshiba. Mimi silicheki swali hilo hata kidogo, na nitawaeleza kwa nini.

Ukuta wa tumbo una mishipa ya fahamu inayohisi kutanuka. Chakula kikiingia, ukuta unavutika, na taarifa inapanda hadi kwenye ubongo kwamba nafasi inajaa. Mishipa hiyo haijui kilichoutanua ukuta ni tango au ni wali wa nazi. Utumbo nao una homoni zake za shibe, na nyuzinyuzi za mboga hukaa tumboni muda mrefu, basi ile hali ya kujaa haiondoki upesi. Kwa anayepungua hilo ni jambo jema, na mimi mwenyewe huwaambia watu wajaze mboga nusu ya sahani. Taabu inaanza pale mboga inapochukua sahani nzima.

Kuna dada mmoja, miaka 38, alikuja kwangu akiwa na kilo 82 na urefu wa sentimita 160. Alikuwa ameshapungua sana kwa muda mfupi na watu mtaani wanamsifia. Alichokuja kulalamikia ni baridi. Hapa Tanga, mwezi wa pili, joto lile mnalolijua, yeye anajitanda khanga mbili! Akifika ghorofa ya kwanza magoti yanalegea. Hedhi ilikuwa imeruka miezi miwili, na alishapima, hana mimba. Kisha akafungua pochi akanitolea kitana chake. Nywele zilikuwa zimejaa kwenye meno yote, zimesokotana, na akaniambia ni za asubuhi ile peke yake.

Nikamwomba aniandikie kila anachotia mdomoni kwa siku tatu. Daftari lake nalikumbuka mpaka leo. Asubuhi chai ya tangawizi bila sukari na vipande viwili vya tikiti maji. Mchana bakuli kubwa la kabichi na karoti za kuchemsha, bila tone la mafuta, na yai moja na kipande kidogo cha samaki. Usiku mchicha wa kuchemsha, matango mawili, chungwa, na maji ya ndimu. Pembeni ya kila mlo ameandika kwa mwandiko mzuri: nimeshiba. Nimeshiba sana. Nimeshiba mpaka nashindwa kuinama. Tukahesabu pamoja, kalori za siku nzima hazikufika 600.

Hakuwa anadanganya. Alishiba kweli.

Sasa tumhesabie alichohitaji. Kuna kanuni ambayo sisi watu wa lishe tunaitumia: kwa mwanamke, chukua uzito wa kilo mara 10, jumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, kisha toa 161. Kwake inatoka kama 1,470. Hizo ni kalori ambazo mwili ungetumia hata angelala kitandani mchana kutwa, kwa ajili ya moyo, mapafu, figo, ubongo na joto la mwili. Ukiongeza sokoni, jikoni na matembezi yake ya jioni, anafika 2,000 hivi. Mtu akitaka kupungua taratibu, karibu nusu kilo kwa wiki, anatoa kama 500. Anabaki na 1,500. Yeye alikuwa anakula chini ya 600.

Mtu ataniuliza, si ana mafuta mwilini? Si ayatumie? Anayatumia, ndiyo. Lakini mwili hauna ghala la protini kama lilivyo la mafuta. Ukikosa protini kwenye sahani unaifuata kwenye misuli, na misuli ndiyo inayokupandisha ngazi. Halafu mwili ukiona kinachoingia ni kidogo mno, unabana matumizi: joto linashuka, hedhi inasimama, nywele zinaacha kukua. Nywele hazidondoki siku hiyohiyo. Zinadondoka miezi miwili mitatu baadaye, ndiyo maana wengi hawaunganishi na dayati, wanailaumu dawa ya nywele. Na kupungua kwa kasi kubwa kunaleta vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Hayo ni maumivu ambayo simwombei mtu yeyote.

Haya yameshachunguzwa. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwalisha vijana 36 waliojitolea kama kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24, huku wakitembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa wanasikia baridi, wanyonge, wakali kwa wenzao, na mawazo yote yako kwenye chakula. Wale walianza bila unene, kwa hiyo siwafananishi moja kwa moja na dada yetu. Ila angalieni: walikula zaidi ya mara mbili ya alichokuwa anakula yeye. Tofauti kubwa ni kwamba wao walikuwa wanaumwa na njaa, na njaa inakuambia kuna jambo haliko sawa. Yeye kabichi ilikuwa imemnyamazishia njaa.

Basi nijilazimishe? Hapana. Usimshindilie aliyeshiba. Badilisha kilichomo ndani ya kile kiasi anachokiweza.

Dada yule hatukumwongezea bakuli hata moja la mboga. Mchicha ule ule ukaungwa na vijiko viwili vikubwa vya karanga za kusaga, hapo zimeingia kalori 190. Kabichi ikakaangwa kwa kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, 120. Najua mafuta mnayaogopa, na mkiyamimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu mna haki ya kuyaogopa. Kijiko kimoja kilichopimwa hakimrudishi mtu kwenye unene, na bila mafuta kidogo mwili hauwezi kuichukua vizuri vitamini A ya huo mchicha wenyewe. Nusu ya parachichi ikachukua nafasi ya tango moja, 160. Glasi ya maziwa asubuhi, 150. Kikombe cha maharage, 220. Kipande kidogo cha ugali wa dona, kama 100. Akafika karibu 1,480, na wingi wa chakula tumboni ukaongezeka kidogo tu.

Kingine ni utaratibu. Anza na samaki, maharage au yai, mboga zifuate. Wengi mnajaza kachumbari kwanza, samaki akifika hana pa kukaa. Zile glasi mbili za maji kabla ya kula, ambazo watu wanafundishana, zinamfaa anayekula kupita kiasi. Wewe unayeshiba haraka kunywa baadaye. Na milo mitatu mikubwa ikikushinda, igawe mitano midogo: saa nne korosho chache, saa kumi mtindi.

Alipungua? Ndiyo, ila pole pole, kilo mbili hivi kwa mwezi. Mwanzoni alihuzunika, kwa sababu alizoea mizani kushuka kila akiikanyaga. Hedhi ilirudi mwezi wa tatu tangu abadilishe chakula. Nywele zilichukua muda zaidi.

Wenye kisukari, hasa mnaochoma insulini au mnaomeza vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, nawaomba sana msipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari. Dawa ile ile kwa chakula nusu inaweza kuishusha sukari mpaka mtu akazimia. Mjamzito na anayenyonyesha, dayati isubiri. Na kula chini ya kalori 800 kwa siku ni jambo la kusimamiwa na daktari.

Na wewe unayeshiba kwa matonge matatu ya chakula cha kawaida, si cha matango, na unapungua bila kujitahidi, hiyo siyo dayati. Ukiwa na kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, kutapika, au chakula kukwama kooni, nenda hospitali wiki hii; ukiwa na choo cheusi, nenda siku hiyohiyo. Inaweza kuwa vidonda vya tumbo, inaweza kuwa kifua kikuu, au jambo jingine linalotibika vizuri likiwahiwa.

Nimekuja na mizani, vijiko na vikombe vya kupimia. Sogeeni mezani, kila mmoja amimine mafuta kwenye bakuli kama anavyomimina nyumbani, tupime.