Unapungua Mwili, Dawa Zako Zinajua?

REHEMA: Habari zenu wasikilizaji, popote mlipo. Mimi ni Rehema, ninaishi na sukari na presha, na niko na kaka Salim, afisa lishe wetu. Kaka Salim, karibu.

SALIM: Ahsante dada Rehema. Karibuni wote.

REHEMA: Nianze na hili. Kwetu mtu akinenepa anaambiwa amependeza, maisha yamemkubali. Akipungua, swali ni moja: "Mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Na sote tunajua ndani ya swali hilo mna nini. Wakati ule UKIMWI unamaliza watu na dawa hazijafika, aliyekonda alikuwa ameshazikwa kwa maneno kabla hajafa. Hofu ile bado iko mitaani. Mimi nilipoanza kupungua, shangazi yangu aliniita chumbani, akafunga mlango, akaniambia, "Mwanangu, niambie ukweli." Kwa hiyo daktari akikwambia punguza uzito, ujue umepewa na mtihani mwingine ambao haukuandikwa kwenye kadi.

SALIM: Na ndipo wengi wanaporudi nyuma. Njaa wanaiweza, macho ya watu hawayawezi. Ila shangazi nimtetee kidogo. Kupungua bila kukusudia ni dalili ya kweli. Sukari ikiwa juu sana inamkondesha mtu: kiu haiishi, mkojo hauishi, nguo zinapwaya. Kifua kikuu nacho kinakondesha, na mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya kukiugua takribani mara mbili hadi tatu kuliko asiye nacho. Kwa hiyo kama unapungua na hujabadilisha chochote, usishangilie mizani. Nenda ukapimwe.

REHEMA: Na aliyeamua mwenyewe kupungua?

SALIM: Huyo ndiye tunayezungumza naye leo, na nina habari njema kwake. Kwa miaka mingi tumewaambia watu kwamba kisukari cha aina ya pili ni cha maisha, na kila mwaka dawa zitaongezeka. Halafu kule Uingereza profesa Roy Taylor wa Newcastle na mwenzake Mike Lean wa Glasgow wakafanya utafiti unaoitwa DiRECT. Watu 306, wote wamegundulika kisukari ndani ya miaka sita. Nusu waliendelea na matibabu ya kawaida. Nusu wakawekwa kwenye supu na vinywaji maalumu, kalori kama 850 tu kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa kwenye chakula polepole. Matokeo yakatoka mwaka 2017. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya waliopunguzwa uzito walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari, bila dawa hata moja. Upande wa pili ni asilimia 4.

REHEMA: Asilimia 46! Rudia, kuna mtu hajaamini.

SALIM: Asilimia 46. Na waliopungua kilo 15 au zaidi, ni asilimia 86. Taylor anaeleza kwamba mafuta yakijaa kwenye ini na kongosho, viungo hivyo vinashindwa kazi yake. Mafuta yakiondoka, kwa watu wengi kongosho inaanza tena kutoa insulini vizuri, hasa kama ugonjwa haujakaa muda mrefu.

REHEMA: Lakini hao ni Waingereza. Msikilizaji wa Temeke atasema miili yetu haifanani.

SALIM: Ana haki ya kuuliza, maana waliokuwemo karibu wote walikuwa Wazungu. Qatar wakafanya wa kwao kwa watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, umri miaka 18 hadi 50, matokeo yakatoka 2020. Pale asilimia 61 walifika chini ya kiwango cha kisukari bila dawa, dhidi ya 12 ya waliobaki na matibabu ya kawaida. Hata hivyo sitasema wamepona. Kwenye ule wa Uingereza, baada ya miaka miwili ile 46 ilishuka ikawa 36, kwa sababu uzito uliwarudia wengine. Uzito ukirudi, sukari inarudi. Ndiyo maana mtu wa namna hii anaendelea na kliniki hata kama hamezi kidonge.

REHEMA: Sasa tufike penye roho ya kipindi. Mwezi uliopita tulipata ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja, sitamtaja. Alisikia kwa jirani kwamba ukiacha wanga sukari inashuka. Akaacha ugali, akaacha chapati, chai akawa anakunywa kavu. Dawa zake akaendelea nazo kama zilivyoandikwa. Siku ya nne alfajiri mwanawe akamkuta ameloa jasho, anaongea maneno hayaeleweki. Jirani wakasema ni mambo ya kishirikina.

SALIM: Sukari ilikuwa imeshuka mno. Na mama huyu hakukosa kitu, alifanya alichoambiwa kila siku kwamba ni kizuri. Ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba dawa yake ilipimwa kwa ajili ya ugali ule. Vidonge vya sukari vya glibenklamaidi na ndugu zake vinailazimisha kongosho itoe insulini, umekula hujala. Ukiondoa ugali ukaacha kidonge kilekile, sukari inaporomoka. Insulini ya sindano ndiyo kabisa. Metfomini, kidonge kingine cha sukari, ikiwa peke yake haina tabia hiyo, ni nadra mno. Na presha vilevile: uzito ukishuka, chumvi ikipungua, dawa zilezile za presha zinaweza kukupa kizunguzungu ukisimama, ukaanguka.

REHEMA: Kwenye huo utafiti wa Uingereza walifanyaje?

SALIM: Dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ileile mlo ulipoanza, chini ya usimamizi, na watu wakawa wanapimwa. Hapo ndipo watu wetu wanapochukua nusu ya habari. Wanachukua mlo, usimamizi wanauacha.

REHEMA: Kwa hiyo maneno ya kwenda nayo kliniki ni yapi? Mtupe kwa lugha yetu, maana wengine tukifika mbele ya daktari ulimi unakuwa mzito.

SALIM: "Daktari, nimeamua kupunguza chakula na uzito. Katika dawa zangu hizi, ipi inaweza kunishushia sukari kupita kiasi, na tuipunguze vipi?" Basi. Unasema hivyo na dawa zako ziko mezani, kwenye mfuko, zote, pamoja na majani ya mlonge na unga uliouziwa kwenye simu. Na usisubiri tarehe ya kliniki kama iko mbali. Nenda kabla hujaanza.

REHEMA: Na nyumbani je?

SALIM: Sukari ikiwa chini ya 3.9 kwenye mashine inayosoma kwa mmol/L, hiyo ni hatari. Kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Asiyejitambua asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na ninyi wa nyumbani mjue hivi, kwa sababu mwenyewe wakati huo hawezi kujisemea.

REHEMA: Twende jikoni. Mimi naanza na dona, maana nimechoka kuambiwa, "Wewe una sukari, kula dona, dona haina shida."

SALIM: Dona ni bora kuliko sembe, ina nyuzinyuzi na ina kiini cha hindi. Lakini gramu 100 za unga wake bado zina wanga wa kama gramu 70. Mtama na ulezi hali kadhalika. Kubadilisha rangi ya ugali huku tonge ni lilelile hakutakupunguza. Kiasi ndicho kinachohesabika. Asali pia ni sukari. Juisi ya miwa ni sukari. Soda ya kola ya mililita 330 ina kama gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Ukiacha soda na juisi tu kwa mwezi mzima, utaona kwenye mashine.

REHEMA: Na mafuta. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu hatuambiwi. Watu wanakata ugali, halafu mchicha unaogelea.

SALIM: Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kalori kama 120. Kwenye sufuria la matembele watu wanamimina kwa kukadiria kwa macho, halafu nazi juu yake. Mafuta hayapandishi sukari palepale kama soda, kwa hiyo kidole hakikwambii kitu, lakini uzito hauondoki. Pima kwa kijiko. Hakuna chakula maalumu cha kununua hapo. Dagaa, choroko, kunde, mbaazi, mayai, samaki wa kuchoma, kisamvu, bamia: vyote viko sokoni na vingi ni rahisi kuliko nyama.

REHEMA: Tabu yetu watu wa pwani ni sinia. Watu sita mnakula pamoja, nani atajua ametia kiasi gani? Mimi nimewaomba wa nyumbani wanipakulie sahani yangu. Mwanzo ilionekana kama najitenga. Nikawaeleza kwamba nakaa nao palepale mkekani, chakula ni kilekile, ila changu kiwe mbele yangu nikione mwisho wake. Nusu mboga, robo wanga, robo samaki au maharage. Mama mkwe alinuna kidogo, sasa na yeye anapakuliwa ya kwake, kwa sababu presha anayo.

SALIM: Hapo umefanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Na kwa presha yake, Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kikiwa ni pamoja na iliyomo kwenye vidonge vya mchuzi, mkate na ng'onda. Anayependa papa mkavu amloweke, abadilishe maji zaidi ya mara moja, na siku hiyo asitie chumvi nyingine. Nitoe tahadhari mbili. Mwenye figo zilizoathirika asifuate mlo wa mtu mwingine, maana hata mboga na maharage kwake vina kipimo. Na wako wenye kisukari ambao ni wembamba. Hao wasijikondeshe. Waulize kama aina ya kisukari chao imechunguzwa vizuri.

REHEMA: Umesema waulize. Kuuliza ndiko kwenyewe kugumu. Mstari ni mrefu, daktari ana watu mia nje, wewe umelelewa kwamba mkubwa hahojiwi. Muda mrefu nilikuwa naingia, nachomwa kidole, naandikiwa dawa zilezile, natoka. Siku niliyoingia na daftari, mazungumzo yalibadilika. Nilikuwa nimeandika sukari zangu za asubuhi, presha zangu, na maswali matatu. Daktari akalichukua, akasoma, akavuta kiti. Na yeye anahitaji kitu cha kushika. Hatuendi kugombana na mtu pale.

SALIM: Kweli kabisa. Maswali ninayotaka kila mtu awe nayo: kipimo changu cha wastani wa miezi mitatu ni ngapi? Sukari ya kidole inakwambia ya saa ile tu, na mtu anaweza kufunga mdomo siku mbili kabla ya kliniki akaonekana salama. Kile cha miezi mitatu, kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Ila mwenye selimundu, au aliyeongezewa damu karibuni, aseme, kwa sababu kipimo hicho kinaweza kumdanganya. Swali lingine: macho yangu yamepimwa lini, na mkojo umeangaliwa protini lini? Angalau mara moja kwa mwaka. Na miguu. Vua viatu na soksi wewe mwenyewe kabla hujaambiwa.

REHEMA: Na mkanda wa presha! Hili limenigusa kama mwanamke mwenye mkono mnene.

SALIM: Eeh. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaonyesha presha iliyo juu kuliko ilivyo. Mtu anaongezewa dawa kwa sababu ya mkanda. Una haki ya kuuliza kwa upole, "Nesi, samahani, hakuna mkanda mkubwa zaidi?" Kaa dakika tano kwanza, umekojoa, mgongo umeegemea, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo, usiongee. Kama umetoka kushuka daladala na kupanda ngazi, sema.

REHEMA: Tumalizie na swali la kijana anayetuandikia kutoka Tanga. Baba yake ana sukari, anatumia glibenklamaidi, amepungua vizuri mwaka huu, na anataka kufunga Ramadhani yote. Familia imegawanyika, mama hataki.

SALIM: Ampeleke kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, wasisubiri chungu la kwanza. Huenda akabadilishiwa dawa au saa za kuzimeza, na uzito wake mpya utajwe, kwa sababu kipimo cha dawa cha mwaka jana kilikuwa cha mwili mwingine. Daktari akisema asifunge, na hilo ni jibu.

REHEMA: Na kujichoma kidole mchana? Wazee wengi wanaogopa kwamba funga itaharibika.

SALIM: Masheikh wengi wameshasema haiharibu funga. Apime, hasa alasiri. Ikiwa chini ya 3.9, afungue palepale, hata kama magharibi imebaki nusu saa. Ikizidi 16.6, afungue pia, awapigie simu kliniki. Na futari aanze na maji na tende moja au mbili, uji usiwe na sukari, vile vibibi na kaimati za shira awaachie wajukuu.

REHEMA: Kijana, umesikia. Mpigie mama simu leo, na baba awe karibu naye asikie na yeye.